Alichosema Hilje Kwenye Simu

Trientje Doornbos alifungua nusu ya juu tu ya mlango wa zizi. Nusu ya chini aliiacha na komeo lake, akaegemeza viwiko juu yake, akamkagua mgeni kuanzia viatu kwenda juu.

"Kama umekuja kwa habari ya nyufa za tetemeko, nyumba ndiyo ile," alisema. "Wenzio wamekuja weee, wamepiga picha, wamekunywa kahawa yangu, na ukuta bado unashikiliwa na magogo. Kahawa imekwisha."

"Sijaja kwa nyufa, Bi Doornbos. Naitwa Machteld Verschoor, inspekta wa polisi. Nimekuja kwa habari ya jirani yako, Hilje Ritzema."

"Basi umekuja kwa baya zaidi. Kwaheri."

Alitaka kufunga. Machteld akaweka mkono kwenye ubao. Nyuma yake, kwenye barabara ya matofali, Ruben van Aalst alikuwa ameegemea gari, mikono ameikunja kifuani, kama mtu aliyelipa kiingilio amtazame mwenzake akiaibika. Kesi hii ilikuwa yake. Ndiye aliyemkamata Siert Bolhuis, ndiye aliyeandaa jalada, na ndiye aliyeambiwa na mkuu wao kwamba kabla ya kesi kusikilizwa, jalada lisomwe upya na mtu mwingine. Mtu mwingine huyo ndiye Machteld, na tangu siku hiyo Van Aalst alikuwa akimsalimia kwa kidevu.

Jalada lenyewe halikuwa gumu. Hilje Ritzema, mwanamke mzee ambaye hakuwahi kuolewa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Oldewerum, kaskazini mwa Uholanzi, alikutwa mwezi Machi amekufa uani kwake, kisogo kimepasukia kwenye ukingo wa hori la mawe. Siert, ambaye Hilje alimchukua akiwa mtoto asiye na wazazi akamlea mpaka akawa mwanamume wa makamo, alikutwa kwenye mtaro wa barabarani, hajitambui, kichwa kimechanika, damu ya Hilje imejaa kwenye mikono ya shati lake. Ameua, amekimbia, ameteleza: hivyo ndivyo Van Aalst alivyohitimisha. Siert alipozinduka alisema hakumbuki chochote.

Na kulikuwa na simu. Kabla ya kufa, Hilje aliipigia namba ya dharura, na sauti yake ikarekodiwa. "Njooni haraka," alisema, halafu: "Siert het 't slim..." Baada ya hapo jalada lilitaja kishindo tu, na simu kukatika.

Kwa Kiholanzi cha kila siku, slim ni mwerevu, mjanja. Mpokea simu, mtu wa kusini, aliona sentensi iliyokatwa kabla ya mwisho wake: Siert kaifanya kwa ujanja. Ndugu wa marehemu, Profesa Everhard Ritzema wa Leiden, aliitwa aitambue sauti. Akasema ndiyo, ni dada yangu, na ndiyo, maana yake ni hiyo. Profesa huyo amekula chumvi nyingi akichunguza asili ya maneno. Nani angembishia?

"Bi Doornbos," Machteld alisema, "nataka kujua tu Hilje na Siert waliishije."

"Waliishi. Sasa hawaishi. Mmoja kaburini, mmoja kwenu." Trientje aligeuza kichwa kutazama ndani, akarudi. "Na mimi sina nafasi ya kupiga porojo na bibie wa mjini. Ng'ombe wangu ni slim."

"Hongera," Machteld alisema.

Trientje alimkodolea macho. Rangi ilimpanda shingoni mpaka masikioni.

"Umesemaje?"

"Nimesema hongera. Kama ng'ombe ni mwerevu—"

"Ruben!" Trientje alimwita Van Aalst kwa jina, kwa sauti ya kuvuka shamba. "Njoo umchukue mwenzio kabla sijamwagia ndoo!"

Ndani ya zizi sauti ya kiume ilifoka. "Trientje! Acha soga, leta mpira!"

Machteld alichungulia juu ya ubao. Ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe alikuwa amelala ubavu kwenye majani, tumbo limevimba kama ngoma, ulimi nje, macho yamepinduka. Daktari wa mifugo alikuwa amepiga goti kando yake, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Trientje akamtupia mpira mrefu mwembamba, na daktari akaanza kuusukuma kooni mwa mnyama, akilaani kila kitu kilichopo duniani.

Kisha gesi ikatoka kwa mfuatano, ikanuka zizi zima, na tumbo likaanza kushuka taratibu. Daktari akakaa chini kwenye majani, akafuta uso kwa bega.

"Huyo ndiye mwerevu wako," Trientje alisema. "Umemwona? Ndiye uliyempongeza."

"Kwa hiyo slim..."

"Slim ni slim! Mbaya! Hali mbaya! Unataka nikuchoree?"

"Kwetu slim ni mwenye akili."

"Kwenu," Trientje alisema, na neno hilo alilitema zaidi ya kulisema. "Kwenu mnampongeza hata anayekata roho."

Machteld alitoa simu yake mfukoni. Alikuwa na kipande kile kidogo cha sauti, kama kilivyohifadhiwa kwenye jalada. Hakuomba ruhusa. Aliiweka simu juu ya ubao wa mlango na kukichezesha, sauti ya Hilje ikaingia zizini, imekatwakatwa na pumzi.

*Njooni haraka. Siert het 't slim...*

Daktari wa mifugo aliinua kichwa. Trientje aliishika simu kwa mkono wake wenye uchafu, kama vile anataka kuinyonga.

"Hii ndiyo?" aliuliza. "Hii ndiyo ile mliyoandika kwenye gazeti kwamba alimshtaki?"

"Ndiyo."

"Hajamshtaki mtu! Anasema Siert yuko taabani! Anaita daktari!" Alimgeukia Van Aalst, ambaye sasa alikuwa amesogea karibu. "Wewe! Ulikaa jikoni kwangu, ukaniambia Hilje kabla ya kufa alisema kijana wake kampangia ujanja. Ulituchezea. Kijiji kizima tulimgeuzia Siert mgongo. Mimi mwenyewe nilitema mate alipopitishwa na gari lenu. Nilitema mate!"

"Hukuwahi kusikia sauti yenyewe?" Machteld aliuliza.

"Nani angenisikilizisha? Mlitusomea Kiholanzi chenu. Tukaamini mnajua kusoma."

Akasukuma simu irudi, akaufunga mlango wa juu kwa kishindo.

Van Aalst aliendesha gari mpaka kwenye barabara kuu. Mashamba yalikuwa tambarare pande zote, mahindi mafupi, mifereji iliyonyooka kama imepigwa rula.

"Kwa hiyo shahidi wako ni ng'ombe," alisema hatimaye.

"Wewe ulizaliwa wapi, Ruben?"

"Breda. Unajua."

"Mimi Dordrecht. Mpokea simu ni mtu wa Zeeland. Wakili wa Siert ni wa Amsterdam; hakuna wa huku kati yetu. Polisi wa huku kaskazini wamesoma karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiholanzi sanifu. Wote tumesoma. Hakuna aliyesikiliza."

"Hata kama. Mwanamke anaweza kusema Siert yuko taabani na bado Siert akamuua."

"Fikiria basi. Wewe umeandika kwamba Siert aliumia kichwa akikimbia, baada ya kuua. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Hilje alipopiga simu alikuwa hai, na Siert alikuwa ameshaumia. Ameumia kiasi kwamba Hilje anamwombea yeye msaada, hajiombei mwenyewe. Kwa hiyo kwanza ni Siert, halafu ni Hilje. Sasa niambie, mtu aliyepasuliwa kichwa, taabani, anamfukuzaje mtu uani na kumbamiza kwenye hori?"

Van Aalst alibadilisha gia bila sababu.

"Damu ya Hilje kwenye shati."

"Alizinduka, akatoka, akamkuta, akamkumbatia. Akaenda barabarani kutafuta mtu. Akaanguka mtaroni."

"Unabuni."

"Ninabuni, ndiyo. Kama ulivyobuni wewe. Ila yangu inalingana na alichosema marehemu."

"Basi kuna mtu wa tatu. Nani? Nilihoji kila mtu Oldewerum."

"Kila mtu wa Oldewerum aliyeko Oldewerum." Machteld alitazama nje. "Profesa alizaliwa nyumba ile ile ya Hilje, Ruben. Amenyonya akisikia neno hilo. Alipokuja kusikiliza sauti, alikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyelielewa. Na akakwambia ni ujanja."

"Aliondoka kijana. Amesahau."

"Mtu wa kazi ile? Asahau neno la mama yake?"

"Alikuwa kwenye msiba!"

"Alikwambia siku ile alikuwa wapi?"

Van Aalst alipunguza mwendo wa gari. "Nyumbani Leiden," alisema mwishowe. "Sikuhakikisha. Alikuwa mfiwa."

Kesho yake, huko Leiden, Profesa Everhard Ritzema hakuwakaribisha kuketi. Chumba chake cha kusomea kilikuwa ghorofani, kikitazama mfereji, na vitabu vilikuwa vimepanda mpaka darini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, amevaa sweta ya kijivu yenye vifungo, na Kiholanzi chake kilikuwa cha watangazaji wa redio. Hakikuwa na kijiji ndani yake.

"Nilishatoa maelezo," alisema. "Kwa bwana huyu hapa. Dada yangu nimeshamzika. Sasa mnataka nini, nimfukue?"

"Ni jambo dogo, Profesa," Machteld alisema. "Nadhani wakili wa Siert Bolhuis atalichezea lile neno la kwenye simu. Natafuta mtu wa kulieleza mahakamani. Jana nilimpigia Bwana Quist."

"Quist yupi?"

"Yule wa safu ya maneno gazetini."

Profesa alicheka kwa pua. "Mchekeshaji. Endelea."

"Alinieleza vizuri sana. Anasema slim limetokana na slijm. Ute, kamasi. Mtu slim ni mtu anayeteleza, humshiki. Hata mimi nikaelewa. Nafikiri jaji naye ataelewa."

"Kamasi."

"Ndiyo."

"Quist amekwambia kamasi, na wewe, ofisa wa serikali, unakwenda kumwambia jaji kamasi."

"Ukilifikiria linaingia akilini."

"Akilini mwa nani?" Profesa aliupiga mgongo wa kiti kwa kiganja. "Irabu hazilingani! Slijm ni ndefu, imekuwa ndefu tangu hapo; slim ni fupi, na mwisho wake zamani kulikuwa na b. Hata mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ningemfukuza darasani. Kamasi!"

"Basi nieleze wewe. Mimi si msomi."

"Hilo linaonekana." Alivuta pumzi, akaanza kutembea mbele ya dirisha, na sauti yake ikapata mdundo wa mtu aliyezoea kusikilizwa. "Maana ya kwanza ni kilichokaa upande. Kilichopinda. Ukuta ulioinama, mguu uliokwenda kombo. Kilichopinda kikawa kibovu. Wajerumani wameganda hapo hapo mpaka leo. La kwao ni baya tu. Waingereza walilichukua huku kwetu wakalikondesha, likawa mwembamba. Sisi tulikwenda njia nyingine. Aliyepinda akawa mjanja, mjanja akawa mwerevu, na leo mama anamsifia mwanawe kwa neno ambalo zamani lingempatia kofi. Hiyo ndiyo historia yake. Hamna kamasi. Mwambie Quist arudi kwenye mafumbo ya watoto."

"Polepole kidogo, Profesa, nisije nikakosea. Kutoka kupinda likaenda kwenye ubaya."

"Ndiyo."

"Na huo ubaya huku kwetu ukafa?"

"Haukufa hata kidogo. Umebaki kwa watu wa—"

Akasita. Alikuwa amesimama, kidole hewani. Nje, mashua ya watalii ilipita mferejini na mtu akacheka kwa sauti.

"Kwa watu wa wapi?" Machteld aliuliza.

"Wa pembezoni."

"Pembezoni ipi?"

"Mashariki. Kaskazini pia. Ni jambo la vitabu vya lahaja, halina maana hapa."

"Oldewerum?"

Profesa aliteremsha kidole. "Ulikuja na jibu mfukoni, Inspekta. Hiyo si adabu."

"Si adabu, kweli. Oldewerum?"

"Niliondoka Oldewerum nikiwa kijana. Siongei lugha ile. Sijaiongea tangu nivue vya mbao nivae viatu vya ngozi."

"Sikuuliza kama unaiongea. Dada yako alisema neno hilo, na wewe ulijua kwamba mdomoni mwake lina maana mbili. Mbona ulitupa moja?"

"Sikuulizwa."

"Niliuliza." Ilikuwa sauti ya Van Aalst, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uchungu wake haukuelekezwa kwa Machteld. Alikuwa amesimama karibu na rafu, shingo imemvimba. "Nilikuuliza kama sentensi ile yaweza kueleweka vingine. Nikakuuliza tena ukiwa unatia saini. Ulisema haiwezekani. Ulinipa mkono ukanishukuru kwa kazi nzuri."

"Kwa sababu haiwezekani!" Profesa alimgeukia kama anayemgeukia mwanafunzi mkaidi. "Mnadhani neno linaelea hewani? Neno lina mahali pake! Mtu anasema fulani yuko taabani kama amemwona. Hilje hakumwona. Hilje alikuwa uani, na yule alikuwa chini ya ngazi, ndani kabisa ya banda la nyasi, gizani. Angeijuaje hali yake? Kwa hiyo maana ya lahaja inaanguka, inabaki ya Kiholanzi. Huo ni uchambuzi, bwana. Si jambo la kubahatisha."

Alimaliza akiwa amenyoosha kichwa, mtu aliyeshinda hoja. Ilimchukua kitambo kuona kwamba wageni wake hawakuwa wakibishana naye tena.

"Siert alikutwa mtaroni, Profesa," Machteld alisema kwa upole. "Kando ya barabara. Ndivyo ilivyo kwenye jalada, na ndivyo gazeti lilivyoandika."

"Nilimaanisha..."

"Kuhusu ngazi ya banda la nyasi hakuna aliyesema neno. Siert mwenyewe hakumbuki kama alikuwa huko."

Profesa alishika sweta yake kwenye kifungo, akakizungusha.

"Kuanzia sasa wewe si shahidi," Machteld alisema. "Unashukiwa. Hulazimiki kujibu lolote, na una haki ya wakili. Umenielewa?"

"Tokeni nyumbani kwangu."

"Umenielewa?"

"Nyumba ya baba yangu," Profesa alisema, na sauti ya redio ilikuwa imempotea mahali fulani. Irabu zilikuwa zimejaa udongo wa Oldewerum. "Nyumba ya baba yangu anampa mtoto wa kuokota. Ananiambia usoni, mbele ya huyo huyo, kama jambo la kawaida, huku anakoroga chai. Yule hata si Ritzema! Hata hajui kusema—"

Akajiziba mdomo. Kisha akaanza kutembea kuelekea mlangoni, haraka, lakini Van Aalst alikuwa ameshasimama pale na mgongo wake umeujaza mlango wote.

"Keti, Profesa," Van Aalst alisema. "Leo utaketi wewe."

Machteld alitoka hadi kwenye korido kumpigia mwendesha mashtaka.

Banda la nyasi halikuwahi kuchunguzwa, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu. Maiti ilikuwa uani. Sasa wataalamu waliliingia na taa zao wakaliondolea vumbi kipande kwa kipande. Chini ya ngazi ya dari walipata damu iliyokauka kwenye pembe ya chuma cha mashine ya kukatia majani, na ilikuwa ya Siert. Kutoka hapo matone yalikwenda uani, yakazunguka hori, kisha yakafuata njia ya kwenda barabarani, yakipotea kwenye kokoto. Kwenye kituo cha mafuta nje ya kijiji, kamera ilikuwa imemnasa Profesa alasiri ile akijaza gari lake, kofia imeshuka mpaka machoni. Mke wa mwenye kituo alisema alimtambua siku hiyo hiyo lakini hakuona ajabu. Mtu kwenda kumwona dada yake ni ajabu gani?

Kwa ushauri wa wakili wake Profesa hakusema tena neno. Yaliyotokea yalisimuliwa na alama peke yake. Ugomvi ulianzia jikoni ukahamia bandani, ambako Siert alikuwa amepanda ngazi kushusha nyasi. Alisukumwa au alivutwa mguu, akaangukia chuma. Hilje aliingia, akamwona, akakimbia uani na simu sikioni. Ndugu yake akamfuata kuinyakua, naye akaangukia ukingo wa hori. Kwenye hoja yake nzuri kule Leiden, Profesa alikosea jambo moja: dada yake alikuwa amemwona kijana wake vizuri kabisa.

Van Aalst aliandika maelezo yote upya kwa mkono wake. Alipomaliza aliyaweka mezani kwa Machteld bila kumtazama.

"Kumwambia Siert nenda wewe," alisema. "Mimi atanirukia."

"Ana haki."

"Najua ana haki. Ndiyo maana nasema nenda wewe."

Siert Bolhuis alikuwa kwenye wodi ya wafungwa, kitanda cha dirishani. Alikuwa mtu mpana, mikono mikubwa ya kukamua ng'ombe, na kovu jekundu lililoanzia juu ya sikio na kupotea kwenye nywele zilizoanza kuota upya. Machteld alipojitambulisha aligeuza uso.

"Kama ni kuniuliza nimekumbuka nini, sijakumbuka," alisema. "Mwambieni yule wa Breda asisumbuke. Nimeshamwambia wakili wangu nakiri."

"Unakiri nini?"

"Nimemuua."

"Unakumbuka kumuua?"

"Sikumbuki. Lakini yeye alisema. Mlinisomea." Alizungumza na dirisha. "Yule mama hakuwahi kunisingizia hata kikombe kilichovunjika. Kama alisema nimefanya, nimefanya. Mahakamani nitasimama niseme hivyo, mnifunge, yaishe."

"Siert, hakusema hivyo."

"Toka nje."

"Walikusomea karatasi. Hukuwahi kusikia sauti yake."

"Nimesema toka! Mnapenda kunichezea, nyie. Leo alisema, kesho hakusema."

Machteld hakutoka. Alikuwa ameomba rekodi nzima kutoka kituo cha simu, si kile kipande cha kwenye jalada. Aliiweka simu juu ya blanketi, karibu na mkono wake, akaibonyeza.

Ulisikika upepo, na ng'ombe kwa mbali. Kisha Hilje, pumzi juu juu: *Njooni haraka. Siert het 't slim.*

Kisha mpokea simu, kijana, mstaarabu: *Sikuelewi, bibi. Tafadhali ongea Kiholanzi.*

Siert alikuwa ameacha kutazama dirisha.

*Siert het 't slim!* Hilje alisema tena, kwa sauti ya juu, kila silabi peke yake, kama anayemwambia kiziwi. *Siert...* Kikaja kishindo, na mlio wa simu iliyokatika.

Siert aliweka kiganja juu ya simu, kikaifunika yote. Alikaa hivyo. Machteld alimweleza mengine kwa maneno machache: ngazi, banda, Everhard. Hakujua ni kiasi gani kilichoingia.

"Alikuwa anawaita kwa ajili yangu," Siert alisema.

"Ndiyo."

"Na nyie mkaniambia kanishtaki."

"Ndiyo. Tulikosea. Nimekuja kuomba—"

"Usiniombe kitu. Sina cha kukupa." Alipapasa chini ya kiganja chake, akatafuta kitufe kwa kidole kinene, akakosea, akakipata. "Yule kijana alimwambia aongee Kiholanzi."

"Alimwambia."

"Na yeye akarudia vilevile."

"Neno kwa neno."

Kitu fulani kilipita usoni mwa Siert, kikatoweka kabla hakijawa tabasamu. Akaibonyeza simu, akaisogeza karibu na sikio lake zima.

"Kaa huko nje," alimwambia Machteld. "Nikimaliza nitakuita."